Maziwa ya Alhamisi

Siku aliyochaguliwa kuwa rais wa komite ya maji ya kijiji cha Muheto, Nyirabahire alisimama mbele ya kanisa zima akatoa ahadi iliyokuja kumnyima usingizi: bomba likiharibika tena, hatutangoja mgeni. Watu walimpigia makofi, maana makofi ni bure. Mara ya mwisho bomba lilipopasuka, walingoja msaada tangu mahindi yapandwe hadi yavunwe, na akina mama wakarudi kuteka maji bondeni, bidoni za maji mgongoni.

Sasa lilikuwa limepasuka tena, chini kidogo ya chemchemi, na sanduku la komite lilikuwa na hela ya sabuni tu. Wakulima walikuwa wamegoma kulipa ada ya maji.

"Ngombe zinakunywa bure siku muzima, alafu miye mwenye bidoni moja nilipe?" jirani yake Pétronille alimwambia, na kwa kweli hakuwa na kosa.

Nyirabahire alikuwa ametoka kwenye semina mjini Goma, alikofundishwa jinsi kijiji kinavyoweza kugharamia maji yake chenyewe. Kila anayekunywa achangie, aliambiwa. Akaona njia nyeupe kabisa: ng'ombe naye anakunywa, basi mwenyewe amlipie. Akajifunga kitenge chake kizuri, akapanda kilima hadi zizini kwa mzee Rugamba, ambaye wafugaji wenzake humtazama kwanza kabla ya kuamua jambo lolote.

"Papa Rugamba, uko na ngombe ngapi?"

Mzee aliacha kukamua. Wanawe waliinamisha vichwa kwa aibu. Kwa wafugaji wa kilima kile, ng'ombe wa mtu hawahesabiwi kwa mdomo. Kuwahesabu ni kuwaitia balaa. Na Nyirabahire mwenyewe ni binti wa mfugaji, mzee Ndayambaje, amelelewa kwa maziwa, hayo anayajua tangu hajaota meno! Semina ilimjaa kichwani hata akasahau kwao.

"Mutoto wa Ndayambaje njo ananiuliza vile?" Rugamba alisema taratibu. "Unataka zikufe? Shuka, mama. Shuka tu."

Alishuka uso ukimwaka. Njiani alipita kwa Bayingana, mtengeneza jibini, akamkuta akimimina maziwa ya watu mbalimbali kwenye sufuria moja kubwa. Hapo hapakuwa na mtu wa kuuliza yametoka kwa ng'ombe wangapi. Nyirabahire alisimama mlangoni akiyatazama mpaka Bayingana akadhani mgeni wake anaumwa.

Jumapili, baada ya ibada, aliomba kusema.

"Niliuliza mubaya, munisamehe. Sitauliza tena hesabu ya ngombe ya mutu. Lakini kila Alhamisi, maziwa ya asubui tupeleke kwa Bayingana. Atafanya fromaji, atauzisha, na franga itaingia mu kese, ile sanduku yetu ya maji. Kila mutu alete yenye roho yake inamwambia."

"Na mwenye ataleta kidogo?" Pétronille akauliza.

"Atapita na ile kidogo yake mbele yetu wote."

Wakulima walicheka. Wafugaji hawakucheka, na Nyirabahire, aliyewajua ndugu zake hao, alikaa akitumaini.

Alhamisi alifika kwa Bayingana kabla ya jua. Njia ilikuwa tupu. Wasipokuja, angeenda kanisani na uso gani? Kisha akamwona Rugamba, amevaa koti la Jumapili na kofia, wanawe nyuma yake wamebeba ndoo zilizojaa hadi ukingoni. Mzee alitembea polepole, katikati ya njia, ili kila nyumba ione. Na nyuma yake walifuata wengine, kila mmoja akichungulia ndoo ya mwenzake. Wakulima walipoona hivyo walikosa kisingizio, wakaanza kulipia bidoni zao, Pétronille wa kwanza.

Jibini liliuzwa wiki baada ya wiki, mpaka fundi wa maji aitwaye Guy akapanda na mabomba mapya. Robine ya kijiji ilikohoa, ikatema tope, kisha maji meupe. Nyirabahire alilia mbele ya watu wote bila kujificha. Hakuwa amewahi kujivunia kitu hivyo maishani mwake.

Wiki hiyohiyo kijana wa shirika moja la misaada alifika kwa pikipiki kuandika uharibifu, akakuta ng'ombe wanakunywa.

"Nani aliwasaidia?"

"Ngombe zetu," Rugamba alijibu, kifua mbele.

"Ngapi?" kijana akauliza, kalamu tayari.

Nyirabahire alikinga kikombe kwenye robine, akampa kwa mikono miwili.

"Ile haiulizwi huku, kaka. Kunywa kwanza."