Kiwanda Kilichoficha Treni

Jumamosi, tarehe 6 Desemba 2014. Asubuhi hiyo mvua ya barafu ilinyesha juu ya mji wa Mill Hollow, nyembamba na yenye kuchoma usoni, na ngazi za nje za kituo cha zimamoto ziliteleza kiasi kwamba hata wazima moto wenyewe walizipanda wakiwa wameshika ukuta. Wendell Krissinger alizipanda bila kushika ukuta, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kiwanda.

Kilikuwa mfano wa kiwanda cha biskuti za chumvi cha mjini kwao, kirefu kuliko jeneza la mtu mzima, na wazima moto wawili waliokishika upande wa pili walikuwa wanapumua kama waliobeba jeneza kweli. Wendell alikuwa amekijenga mwaka mzima. Matofali aliyachonga moja moja. Dirisha moja la ghorofa ya pili alilivunja makusudi, kwa kuwa kwenye kiwanda chenyewe nalo lilikuwa limevunjika.

Walipofika ukumbini juu, walikitua kiwanda sakafuni, naye akainamisha kichwa akasali. Alikuwa mzee wa kanisa la Kilutheri na hakuanza jambo lolote bila sala, ila sala zake zilikuwa na tabia ya kumpa Mungu maelekezo.

"Bwana," alinong'ona, "wape watu wa leo macho ya kuitambua kazi safi. Na umzuie shemeji yangu."

La pili lilikuwa limechelewa. Verla Snavely, dada wa mkewe, alikuwa ameingia ukumbini kabla yake, na mkono wake ulikuwa na rangi hadi kwenye kiwiko.

Kila Desemba wazima moto waliwafungulia watu ukumbi ule. Chama cha treni za mfano kilitandaza reli zake juu ya meza kubwa, familia zilipanda kutazama, zikashuka chini kunywa supu ya kuku na mahindi, na kila mtu akaangusha alichonacho ndani ya buti la zimamoto lililowekwa mlangoni. Treni za chama hazikuwa zile ndogo za kuficha kiganjani. Behewa moja lilitosha kumlaza paka. Kwa hiyo na majengo yalitakiwa yawe makubwa, na Wendell, mwenyekiti wa chama, aliyestaafu kazi ya kuchora ramani za barabara, alikuwa na sheria moja tu: kila futi ishirini na tisa za duniani ziwe futi moja mezani. Kisichofuata kipimo hicho hakipandi mezani.

Ndiyo maana mwaka uliopita hakikupanda kitu. Watu walikuta mbao tupu, reli, na vibao vya karatasi vilivyoandikwa kwa mwandiko mzuri: *Hapa Patakuwa na Benki. Hapa Patakuwa na Kanisa. Hapa Patakuwa na Miti.* Walicheka hadi kwenye maegesho ya magari. Mkuu wa kikosi, Clete Burkholder, alimwambia Wendell waziwazi kwamba wakichekwa tena, ukumbi utageuzwa kuwa chumba cha mazoezi, na vyuma vya kunyanyua vimeshachaguliwa. Wendell hakuwa na mahali pengine pa kuiweka meza ile. Nyumbani, kwenye chumba cha chini ya nyumba, palikuwa na tanuri la kupashia nyumba joto na mitungi ya matango ya mkewe. Bila ukumbi, hakukuwa na reli; na bila reli, Wendell hakujua angeamka asubuhi afanye nini.

Sasa alisimama mbele ya meza akakodoa macho. Nyuma kabisa, ambako mwaka jana palikuwa na mbao, palikuwa na kilima. Juu ya kilima palikuwa na mji.

"Verla. Hiki ni nini?"

"Mji, shemeji. Una watu ndani. Jaribu kusalimia."

Vilikuwa vijumba vya Krismasi. Vile vya kauri ambavyo watu huviwasha taa juu ya meko, na ambavyo siku baada ya sikukuu maduka ya bei poa huviuza kwa bei ya kikombe cha kahawa ili tu viondoke rafuni. Verla alikuwa amevikata vitako, akavisugua kwa msasa hadi mng'aro ukatoka, akaifunika theluji ya mapaa kwa rangi ya kijivu, akavipanga: vikubwa chini karibu na reli, vidogo juu zaidi, na vidogo kabisa kileleni. Kilima chenyewe kilikuwa maboksi ya sponji yaliyofunikwa shuka la zamani. Hakukamilisha kila kitu. Mbele ya kanisa alisimama dubu aliyevaa skafu, mrefu kuliko mlango, na Verla alikataa kumwondoa kwa sababu alimpenda.

Wendell alitia mkono mfukoni akatoa mtu wake wa kipimo. Alikuwa kijitu cha risasi chenye kofia, kilichotengenezwa kwa kipimo halali, na Wendell alikwenda nacho kila mahali kama wengine wanavyokwenda na miwani. Alikisimamisha mbele ya kijumba kimojawapo. Kofia ilifika kwenye bomba la moshi.

"Unaona? Bwana huyu hawezi kuingia nyumbani kwake."

"Basi mkewe amepata kupumzika," alisema Verla.

Wale wazima moto wawili waligeukia dirishani ili wacheke vizuri. Wendell alimtazama Harlan Zug, mweka hazina wa chama, aliyekuwa akifuta injini ambayo tayari ilikuwa safi.

"Harlan, sema kitu."

"Wendell ana hoja," alisema Harlan. "Na Verla naye ana hoja."

"Wewe umewahi kuwa na hoja yako mwenyewe?" aliuliza Verla.

"Ninayo. Nimeiacha nyumbani."

"Vitolewe," alisema Wendell. "Huu ni uongo, Verla. Uongo wenye balbu ndani."

"Mimi sitoi. Nyumba za nyuma ni ndogo kwa sababu ziko mbali."

"Ziko mbali wapi? Ziko hapa. Nazigusa!"

"Usiguse, rangi haijakauka."

Kutoka chini Mkuu Burkholder alipiga kelele kwamba watu wamepanga foleni kwenye barafu na hawezi kuwaacha nje waanguke halafu awabebe mwenyewe kwa gari la wagonjwa. Hapakuwa na muda wa kubomoa mji. Wendell aliamuru kiwanda kiwekwe mezani.

"Wapi?" aliuliza mmoja wa wazima moto, wakikiinua tena.

Wendell alifungua ramani. "Kusini ya reli. Kiwanda chenyewe kiko kusini ya reli, kimelala sambamba nayo hivi."

Verla aliitazama meza. "Na watu watasimama upande gani?"

"Kusini, kama kawaida."

"Haya."

"Haya nini?"

"Haya tu, shemeji. Wekeni."

Kiwanda kiliwekwa mahali pake halali, ukuta wake ukanyooka ukingoni mwa meza karibu mwisho hadi mwisho, na Wendell akasimama kando yake amefunga mikono kifuani, akingojea macho ya kuitambua kazi safi.

Watu waliingia. Walivua glavu, wakasogea, wakasimama. Mama mmoja alimnyanyua binti yake juu.

"Samahani, treni ziko wapi?"

"Zinapita nyuma ya kiwanda," alisema Wendell.

"Tutaziona lini?"

"Zikitokeza."

Walisubiri. Sauti ya magurudumu ilipita ndani kwa ndani kutoka kulia kwenda kushoto. Pua ya injini ilitokeza pembeni, ikapiga honi, ikaingia handakini.

"Imekwisha?" aliuliza binti.

"Inarudi," alisema Wendell. "Wakati huu mnaweza kutazama matofali."

Bibi Effie Longenecker alikuja na mkongojo wake. Alikuwa amefungasha biskuti ndani ya kiwanda kile tangu usichana hadi kilipofungwa, na Wendell alipomwona alipata tumaini. Huyu ndiye. Bibi Effie alisogeza uso karibu, akatazama milango, mabomba, dirisha lililovunjika.

"Ni chenyewe," alisema.

"Asante sana, Bibi Effie."

"Hata ubaya ni ule ule. Ujana wangu wote niliukodolea ukuta huu nikingoja kengele ya kutoka. Leo ni Jumamosi, Wendell. Nimekuja kuona treni."

Akaondoka kuelekea upande wa kushoto, ambako baina ya kona ya kiwanda na ukuta wa chumba palikuwa na mwanya wa upana wa mlango. Huko ndiko walikokwenda wote. Waliobaki walipanda viti. Watoto walipita chini ya makwapa ya wakubwa. Mtu alimwagiwa supu shingoni, akasema neno ambalo halisemwi mbele ya mzee wa kanisa, na hakuna aliyeondoka, kwa sababu kwenye mwanya ule kilima kilionekana na taa za madirisha zilikuwa zinawaka. Mbele ya kiwanda alibaki Wendell, pamoja na Harlan, ambaye alisimama katikati ya njia.

Mkuu Burkholder alipanda. Aliutazama msongamano, akautazama uwanja mtupu.

"Huko chini watu wanaulizana kama treni zimeharibika."

"Hazijaharibika. Zinakwenda kwa ratiba."

"Ya nani? Hakuna anayeziona! Kitoe."

"Clete, kila kitu hapo kiko kwenye kipimo!"

"Hata mimi niko kwenye kipimo, na nikisimama mbele ya televisheni mke wangu ananifukuza. Kitoe, au Jumatatu napandisha vyuma vyangu."

Kelele za mwanyani zilipungua. Watu walikuwa wanasikiliza. Wendell alinyoosha mkono kuelekea mwanyani.

"Njoo nikuonyeshe kitu," alisema. "Njoo uone mnachotaka kibaki pale." Alipasua njia hadi kwenye mwanya, akapiga magoti ili amwonyeshe mkuu, kwa kidole, ni wapi mji ule ulipokuwa unadanganya.

Macho yake yalikuwa sasa usawa wa meza. Treni ilitoka handakini ikiwa kubwa, nyeusi, inatetemesha mbao, na nyuma yake nyumba zilipanda kilima zikipungua, zikipungua, hadi kileleni ambako dirisha moja la manjano lilikuwa mbali kweli, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Alitafuta uongo wake. Aliupata: dubu, milango, mashina ya waya ya miti iliyotengenezwa kwa brashi za kusafishia chupa. Ulikuwa pale pale, na uliendelea kupendeza. Jambo hilo lilimuudhi kuliko supu, kuliko Bibi Effie, kuliko yote ya siku ile.

"Umeishiwa maneno, shemeji?" Verla aliuliza, akiwa amesimama nyuma yake. "Nikuletee maji?"

Wendell alibaki amepiga magoti. Ndani kwa ndani alisema, Bwana, nisaidie, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu hakuongeza namna ya kusaidiwa.

Kisha akainuka, magoti yakilia, akaenda kushika kiwanda upande mmoja. "Harlan. Upande ule."

"Una uhakika? Maana pia kuna hoja kwamba..."

"Shika, Harlan."

Walikishusha hadi sakafuni. Reli yote ikawa wazi, injini ikapita mbele ya umati ikivuta mabehewa yake yote, na ukumbi ukalipuka kwa makofi. Wendell aliinamisha kichwa kushukuru, kabla hajagundua kwamba walikuwa wanaipigia treni.

"Vizuri," alisema Mkuu Burkholder. "Ila mimi na wewe tunafahamiana. Mwaka ujao utakuja hapa na kanisa kuu la Roma. Ukitaka ukumbi, nipe neno lako sasa hivi, watu hawa wakiwa wanasikia."

"Apande juu ya kigoda," alisema Verla. "Huku nyuma hasikiki."

"Verla!"

"Na aseme jina lake kamili. Anapenda mambo kamili."

Mtu alisukuma kigoda cha watoto. Wendell alikipanda. Watu walinyamaza, hata wale waliokuwa na supu mdomoni.

"Mimi, Wendell Amos Krissinger," alisema, "naahidi mbele ya Mungu, na mbele ya kikosi hiki, na mbele ya shemeji yangu, Mungu anisamehe, kwamba mwaka ujao kila mtoto atakayesimama kwenye ukingo wa meza hii ataiona treni tangu inapotoka hadi inaporudi. Na nikijenga tena kitu cha kuificha, nitoeni nje mimi kwanza, hicho kitu baadaye."