Unga wa Vifuu

Baba yangu, mzee Ngala wa Sabaki, alikuwa na njia yake ya kumkwepa mchumba wangu. Kahindi akifungua kinywa kutaja posa, baba huongeza sauti ya redio. "Ngoja kwanza, mwanangu, matangazo ya vifo." Na betri ya gari iliyoendesha redio hiyo ikizimika, lawama zote humwangukia Kahindi, kwa sababu yeye ndiye aliyeichaji kule Malindi mjini.

"Niletee betri isiyokata roho kabla marehemu hajatajwa," baba akamwambia mwaka ule wa 1986, "ndipo tuzungumze."

Maskini Kahindi, akalichukua neno hilo kama mtihani wa serikali. Alikuwa amesoma mahali kwamba vibati vya madini ya risasi ndani ya betri vikipakwa unga wa makaa, tena laini kupita kiasi, umeme hupata mahali pengi pa kukaa. "Chembe ndogo kuliko vumbi, Mapenzi!" akaniambia. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Wenzangu waliposwa kwa mbuzi, mimi wangu anachoma vifuu vya nazi!

Hakuna aliyesaga laini kama bibi yangu Kanze, msagaji wa tumbaku ya kunusa. Kahindi akampelekea makaa yake, na kwa kuwa ukweni hakuendwi mikono mitupu, akaagiza na tumbaku ya baba, ya kufuatana na mnazi, ile pombe ya posa. Bibi alisaga vyote, akavifunga katika vipande viwili vya leso moja. Unga wote ulikuwa mweusi. Kifurushi kimoja Kahindi akakipaka ndani ya betri, kingine akakiweka kando ya mnazi.

Siku ya posa ilipofika, akatoa shikamoo zote, akaunganisha nyaya. "Tunasikitika kutangaza kifo cha..." ikasema redio, kisha kimya.

Baba kwa hasira akachota tumbaku, akavuta. Chafya haikuja. Akavuta tena, mpaka pua na masharubu vikawa vyeusi tititi. Bibi naye akainamia betri, akainusa, akapiga chafya.

"Tumbaku yangu imo humu!"

Baba akakimbilia kitufe cha redio, akakizungusha na kukizungusha. Hapakuwa na sauti ya kuongeza.

"Baba," alisema Kahindi, "betri sina. Mapenzi nampenda."

Kwetu mzee hanywi mnazi wa posa bila kumwuliza binti kama ameridhia. Nililingoja swali hilo hata nikakata tamaa. Baba akashika kata, akanitazama.

"Mwanangu, ninywe?"

Machozi yalinilenga.

"Kunywa, baba. Lakini pangusa pua kwanza."