Dirisha la Chumba cha Picha

Ukuta wa chumba cha picha ulikuwa unatoka jasho. Mhifadhi aliyaona matone alipowasha taa: yakiteleza juu ya rangi, yakisita, yakiteleza tena. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri na joto likajikusanya humo ndani. Uliporudi tu, alikimbilia kiyoyozi akakiweka kwenye baridi kali kabisa, kama walivyozoea wote pale makumbusho, eti kufidia baridi iliyopotea. Sasa baridi imelikuta joto, na chumba kizima kinatota.

"Balaa gani tena hili!" akasema peke yake.

Akavuta droo. Picha ya binti wa shangazi yake ilikuwa na madoa meupe ya kuvu pembeni. Usoni yalikuwa hayajafika. Mtoto bado alicheka na pengo lake, kajishika kiuno. Ndiyo picha pekee iliyobaki ya marehemu yule, mtoto pekee wa shangazi, na mhifadhi ndiye aliyebembeleza mpaka akapewa. "Kwako paa linavuja, shangazi. Kwetu ni salama." Na leo shangazi anakuja kuitazama, kama ajavyo kila siku ya kuzaliwa kwa binti yake.

Akazima kiyoyozi. Akakiwasha. Akakizima tena, kisha akampigia simu mkuu wa makumbusho.

"Nataka kufungua madirisha."

"Yale tuliyoyaziba? Na vumbi je? Na mashine tuliyoihangaikia miaka yote?"

"Mashine inaishi kwa umeme, mkuu, na umeme wenyewe ndio huu. Waliojenga hapa waliweka madirisha mkabala, upepo uingie huku utokee kule. Sisi tukaja na misumari."

"Subiri kikao cha wiki ijayo."

"Kuvu haijui kikao," akasema, akakata simu. Hakuwahi kumkatia mkuu simu maishani mwake.

Wahenga walituonya juu ya ufa usiozibwa. Juu ya dirisha lililozibwa hawakusema neno. Akamfuata seremala wa maonyesho, akaomba tindo na nyundo.

"Utaniponza wewe," seremala akacheka, lakini akaja.

Wakafunika droo kwa shuka. Ubao wa kwanza uling'oka na vumbi la kutosha kumpa mkuu ushindi. Ulipong'oka wa upande wa pili, upepo ukapita katikati yao. Mhifadhi akakodolea macho kipimo cha unyevu. Mshale haukusogea. Akaenda mlangoni, akarudi. Ukashuka kidogo, kidogo mno.

Shangazi akamkuta hivyo, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Siku hizi umekuwa mwashi?"

Angeweza kusema picha imepelekwa kwenye matengenezo. Uongo ulimfika ulimini, akaumeza. Akaiweka picha mezani, na mkono wa shangazi ulipoifuata, akaudaka.

"Usiguse, shangazi, itasambaa. Ni kuvu. Ikikauka nitaisafisha, lakini alama itabaki."

"Ulisema kwenu hakuvuji."

"Hakuvuji. Tuliziba kila tundu, hewa ikaozea humu humu. Nisamehe."

"Nilikupa mwanangu," shangazi akasema.

Seremala akainama kuokota misumari aliyokwisha kuiokota. Mhifadhi alitamani kulia, akaona hana haki hiyo mbele ya mwenye msiba.

Upepo ukainua ncha ya mtandio wa shangazi. Akaurudisha begani, ukainuka tena. Akageuka kulitazama dirisha, akalitazama kwa muda mrefu.

"Nimpeleke wapi? Kwangu paa bado linavuja." Akavuta kiti, akaketi kando ya picha, akamgeukia mhifadhi. "Haya, mwanangu. Siku wewe hupo hapa, dirisha hili atalifungua nani?"

Nyayo za mkuu zilikuwa zinapanda ngazi kwa haraka. Mhifadhi akachukua tindo, akaipigilia kama kabari chini ya ubawa wa dirisha kwa nguvu zake zote, ili atakayetaka kulifunga aanze kwanza kuing'oa.