Tarehe Haisogei

Enkhtuya, ambaye maabara nzima tulimwita Tuya, alivunjika nyonga Januari, baiskeli ilipoteleza kwenye barafu mbele ya chuo chetu hapa Leipzig. Alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya uzamivu, kama mimi. Meza zetu zilipakana, tulichunguza kuvu ile ile ya udongo. Ila mimi, Mjerumani, nilikuwa na mkataba wa kazi. Yeye, aliyetoka Mongolia, alikuwa na ufadhili.

Zamani tuliifanyia utani tofauti hiyo. "Mheshimiwa mwajiriwa," alikuwa akiniambia nikishikwa na mafua, "nenda kalale. Wewe hata ukipiga chafya unalipwa."

Bima yake ililipia hospitali. Lakini mwezi uliofuata mfuko uliomfadhili ulisimamisha posho, eti hafanyi utafiti. Nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi ofisini kwa Bi Pohlmann, afisa wa ufadhili pale chuoni, mama mpole aliyetukaribisha kwa biskuti.

"Binti yangu, malipo ya ugonjwa ni ya waajiriwa. Wewe si mwajiriwa."

"Basi mimi nani?"

"Mwanafunzi."

"Mbona bima ya wanafunzi walininyima? Walisema nimepita miaka thelathini, nijilipie kama mtu mzima."

Bi Pohlmann akavua miwani. "Najua."

"Na miezi hii ninayolala, nitaongezewa mwishoni?"

"Ufadhili unaisha Septemba. Tarehe haisogei."

"Je, kama angeanguka huyu?" Akaninyooshea kidole.

Mwaka uliotangulia niliugua mgongo miezi miwili. Nililipwa yote miwili, na mkataba ukasogezwa mbele.

Profesa wetu aliuandikia mfuko barua mbili. Zilijibiwa kwa adabu, jibu lile lile. Tuya akaishi kwa akiba, kisha kwa pesa za mama yake. Julai posho ikarudi, naye akarudi kwa magongo, akakuta kuvu zake zimekufa. Nilikuwa nimeahidi kuzitunza. Nilitunza zangu.

Septemba posho ikakatika, na kibali cha kuishi kikaisha pamoja nayo. Nilimbebea sanduku hadi stesheni.

"Vipimo vyangu vitumie kwenye makala," alisema. "Jina langu weka popote."

"Utarudi umalizie."

"Acha, Jörn. Usinibembeleze kama mtoto."

Kwenye makala niliweka jina lake nafasi ya pili, baada ya langu, nikapata shahada. Yeye anafundisha kemia sekondari huko Darkhan, Mongolia. Aliniandikia mara moja: baridi ikikaza, nyonga inamuuma, na je, makala imetoka?

Imetoka. Sijamjibu.