Bibi Paskalina Atafuta Pa Kulala

Jumapili moja ya mwezi wa saba, mwaka 1976, usharika mmoja mdogo huko Kilolo ulimrudisha Mika Kalinga kundini. Alisimama mbele ya madhabahu, kofia mkononi, akatubu aliyoyatenda mwaka wa operesheni ya vijiji, alipokuwa balozi wa nyumba kumi: aliichoma nyumba ya Bibi Paskalina ili watu wahamie kijiji kipya, na bibi akafia humo. Mchungaji akasoma Isaya, pale dhambi nyekundu inapogeuka nyeupe. Watu wakampa mkono. Marehemu mwenyewe, Bibi Paskalina, naye alikuwepo, benchi la nyuma upande wa wanawake, khanga yake imeungua pindo. Wenzake walijisogeza wakampa nafasi.

Jioni alikuja kwa Mika, akaketi barazani.

"Kamwene," alimsalimu Kihehe.

"Kamwene, bibi."

"Nimesikia kanisani. Mungu amekusamehe, na amefanya vizuri. Sasa mimi nalala wapi?"

Mika aliagiza chai. Mkewe, Matilda, alimletea bibi chai, maana mgeni ni mgeni, akarudi jikoni. Kesho yake bibi akaja tena, na keshokutwa, hata akazoeleka. Kuku wenyewe wakawa wanampisha.

Kilichomtisha Mika si kuketi kwake, ni macho yake. Kila jioni aliyaelekeza ng'ambo ya shamba la njegere, kwenye nyumba ya mtoto wa kiume wa Mika, ambaye mkewe, Atuganile, alikuwa na mimba kubwa.

"Tumboni mle mna nafasi," alisema siku moja. "Ndogo, lakini kuna joto."

Jamani, Mika aliogopa. Alifungua Biblia kuitafuta Isaya, macho yakaangukia Kutoka, pale uovu wa baba unapopatilizwa kwa wana na wajukuu. Na kitabu ni kimoja. Alisoma huku, akasoma kule, kama mtu aliyeelekezwa njia mbili na watu wawili waaminifu.

Alimwendea mchungaji. "Nikisamehewa mimi, na mjukuu wangu amesamehewa?"

"Ulitubu yote?"

"Nilitubu."

Hapo alidanganya. Kanisani alisema alidhani nyumba ni tupu. Kumbe alimsikia bibi akikohoa ndani. Lakini gari la wakubwa lilikuwa linangoja, naye alishawaapia kuwa watu wote wamehama. Akaona haya kuyakana maneno yake, akaufunga mlango kwa nje, akawasha moto. Usharika ulisamehe kile ulichoambiwa.

"Basi nenda kwa amani," alisema mchungaji.

Kumwonya Atuganile hakukuwezekana. Ni Mnyakyusa wa kule Mbeya, na kwao mke haonani na baba wa mumewe. Akimwona Mika njiani huingia mahindini akajifunika. Maneno yao yalipitia kwa Matilda tu, na Matilda angeuliza: bibi huyu anatutakia nini sisi, wakati ulishatubu? Mika alifungua kinywa mara nyingi mbele ya mkewe, akaishia kuomba chumvi.

Jioni Atuganile aliposhikwa na uchungu, bibi aliinuka, akashukuru kwa chai, akavuka shamba. Mika alimwona akiingia bila hodi. Alibaki ameshikilia nguzo ya baraza, machozi yanamtiririka.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, ananuka moshi kidogo. Mkunga alisema hiyo itaisha. Mchungaji alimbatiza, na Mika, aliyerudishiwa uzee wa kanisa, ndiye aliyeshika bakuli la maji. Mtoto hana shida, ila mlango ukifungwa hulia mpaka anazimia. Baba yake ameung'oa, ameuegemeza ukutani, na sasa wanalala hivyo hivyo, ukungu unaingia hadi kitandani. Asubuhi Matilda hurudi kutoka huko na habari kwamba mtoto amekesha akitetemeka.

"Baba, mtoto mchanga anaujulia wapi mlango hata auogope?" humuuliza mumewe.

"Watoto wa siku hizi wana mambo yao," Mika hujibu.