Laptopu Yenye Mapigo

Jumanne asubuhi, baada ya kuanika mashuka, Shangazi alioga, akavaa vile viatu vyake vya kwendea kazini, akamsindikiza binti wa kaka yake kwenda kununua laptopu. Shangazi alikuwa mkunga mstaafu. Mkobani alibeba leso, miwani na ile pembe ndogo ya mbao ambayo wakunga huiweka juu ya tumbo la mjamzito wamsikilize mtoto. Miaka sita tangu astaafu hakuwahi kutoka bila pembe hiyo. Matumbo, alikuwa akisema, hayastaafu.

Mwenye duka alipanga laptopu tano mezani, akaanza kusifu. Alisifu kioo, akasifu betri, akasifu hadi boksi. Shangazi alimwacha amalize, kwani kizuri chajiuza na kibaya chataka mdomo. Kisha akatoa pembe, akaiweka juu ya mfuniko wa laptopu ya kwanza, akatega sikio.

“Kimya,” alisema.

Ya pili kimya, ya tatu kimya. Ya nne aliisukuma pembeni kama sahani ya jana. Kwenye ya tano alikaa muda mrefu, midomo ikihesabu.

“Hii hapa. Ina mapigo.”

“Hiyo ni mpya kabisa, mama,” alisema mwenye duka, haraka kidogo. “Iguse, bado ina joto la kiwandani.”

“Shangazi, laptopu haipimwi hivyo,” alinong’ona binti.

“Nimepima mia nne na kumi na mbili, wewe ukiwemo. Kimya hakijawahi kuwa habari njema.”

Kesho yake maduka yote yalifungwa kwa amri. Wakubwa walitaka kukagua kama yanafungika sawasawa, na ukaguzi ungechukua wiki tatu. Hakuna aliyelalamika. Makufuli ya mji yalikuwa na hali mbaya kweli.

Sasa, binti alikuwa amekaa nyumbani miaka minne tangu amalize masomo, na safari hii alikuwa anaomba kazi ya ukarani katika ofisi kubwa ya mjini. Maombi yalipokelewa kwa kompyuta tu, mwisho Ijumaa saa kumi jioni. Jumatano aliandika barua yake, akaihifadhi. Alhamisi asubuhi alipoifungua, ilikuwa imegeuka. Ilisema: Ninaomba likizo yangu ya mwaka. Akaifuta, akaandika upya, akainuka kunywa maji. Aliporudi, barua ilikuwa inaomba likizo tena, kwa heshima zaidi.

“Kazi hujapata, likizo unataka,” alisema Shangazi. “Ndivyo ulivyozaliwa, mwanangu. Ulitanguliza miguu.”

Binti aliizima laptopu, akaiwasha. Akachomoa chaja, akapuliza matundu, akaizima tena. Mwishowe akampigia simu fundi. Fundi alisema duka lake limefungwa na yeye yumo ndani, kwa sababu wakaguzi hawakuuliza. Maji anayo, na biskuti. Wampelekee baada ya wiki tatu.

“Basi lete taulo safi,” alisema Shangazi, “na maji ya moto.”

“Ya moto ya nini?”

“Ya kunawa mikono. Mnadhani siku zote yalikuwa ya nini?”

Alinawa mpaka viwikoni. Akailaza laptopu kifudifudi juu ya taulo, akachukua bisibisi ya cherehani, akatoa skrubu kumi na kuzipanga kwenye kisosi. Mfuniko wa chini ukaachia. Kati ya betri na feni alikuwa ameketi karani wa ukubwa wa kidole gumba, shati jeupe la mikono mifupi, mbele yake meza kama kiberiti. Alipoona mwanga alisimama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Umekaa vibaya, baba. Feni inakupiga mgongoni.”

“Nimeshazoea.”

Alieleza bila haraka. Laptopu ilikuwa yake, katika ofisi ileile kubwa. Miaka ishirini na miwili aliomba likizo, na kila mwaka ombi lilirudi na maneno yaleyale: hakuna wa kukushikia nafasi. Alhamisi moja, baada ya chai, alifia kwenye kiti. Ofisi ilituma shada la maua, ikauza laptopu, na mwenye duka akaifuta vumbi akaiita mpya. Lakini hakuna aliyemwambia karani aache kazi.

“Si umeshakufa, baba?” alisema Shangazi, kwa sauti ya kumwambia mtu kwamba kifungo kimemfunguka.

“Kufa hakuhitaji idhini, mama. Kupumzika kunahitaji.”

Binti aliinama karibu. “Kwa hiyo nafasi waliyoitangaza ni yako?”

“Ni hiyohiyo, mwanangu. Ukiipata wewe, nitakuwa na wa kunishikia. Nitaondoka siku hiyohiyo.”

Akaomba aone barua ya binti. Alisema ni nzuri, ila haijainama vya kutosha, akairekebisha. Alijua pia kisanduku kipi cha fomu ofisi inakisoma na kipi ni pambo. Ijumaa saa tisa na nusu maombi yakaenda. Shangazi alirudisha skrubu tisa. Ya kumi aliiacha kwenye kisosi, mzee wa watu apate hewa.

Maduka yalipofunguliwa, fundi alitoka amekonda. Alifungua laptopu aliyoletewa na Shangazi, akatazama, akafunga.

“Nikiifuta yote, naye anafutika,” alisema. Akaonyesha rafu nyuma yake kwa kidevu. “Karibu zote zina mtu, mama. Wa kwako ana adabu, anasalimia.”

Shangazi alirudi na laptopu yake nyumbani.

Barua ya ajira ilikuja Jumatatu. Karani alituma tena ombi la likizo, akafungasha kalamu, kitana, na picha ya ziwa alilotaka kwenda kuliona, akasimama kando ya feni akingoja. Saa nne ombi lake likarudi: Mwajiriwa mpya ni nyongeza, si mbadala. Halijaidhinishwa. Alilisoma mara mbili, akatoa kitana, akaketi.

“Siku hizi wanatoa sababu,” alisema. “Zamani hata hilo hawakufanya.”

Kazi yenyewe ilifanyiwa nyumbani, kwenye laptopu hiyohiyo, wakagawana zamu. Karani asubuhi, binti mchana, kisha wote siku nzima. Binti, ambaye zamani alikuwa akiimba anapoosha vyombo, aliacha kuimba, halafu akaacha vyombo. Mwezi wake wa saba kazini aliomba siku tatu za kupumzika. Karani alimsaidia kupanga maneno, wakasubiri pamoja, majibu yakaja yaleyale.

Jumapili moja alasiri, jua likiwa limelala sakafuni kama paka, Shangazi alimwita chakula kimeiva. Binti hakuitika. Alikuwa mbele ya kioo cha laptopu, macho wazi, vidole vikitembea. Shangazi alitoa pembe, akaiweka mgongoni kwake. Alisikia kitu mbali, kama nyayo za mtu katika nyumba ya jirani. Akaihamishia kwenye laptopu.

Mapigo yalikuwa mawili. Moja la kizee, la kuchoka. La pili lilikuwa jepesi, lenye haraka, na hilo Shangazi alilijua, kwa sababu ndiye aliyelipokea duniani kwa mikono yake, miguu ikiwa imetangulia. Ndani, taratibu, mtu alikuwa akiburuta meza kuelekea kushoto, kuacha nafasi ya kiti.

“Mapacha,” alisema Shangazi.

Akakunja mikono ya gauni, akaenda kuchemsha maji ya kunawa.