Kadibodi Iliyohesabiwa Mara Mbili

Kila mwezi hesabu zikishatoka, Virve, mwenzangu katika ofisi ya takwimu ya Estonia hapa Tallinn, alimpigia simu Ilmars wa ofisi ya takwimu ya Riga, Latvia, nami kwenye meza ya pili nikitega sikio huku nikijifanya nachonga penseli. Estonia imeagiza karatasi na kadibodi kiasi gani, Latvia kiasi gani, na mbona vikijumlishwa vinazidi kile ambacho Finland inasema imeziuzia nchi hizo mbili? Kazi yao ilikuwa kutafuta ziada hiyo inatoka wapi. Walikuwa wameitafuta kwa miaka, bila haraka, kama watu wanaookota uyoga.

Walizungumza Kirusi cha shuleni, kibovu pande zote mbili. Wakimaliza tarakimu, walinyamaza. Kwetu kunyamaza si utovu wa adabu. Lakini kunyamaza na simu sikioni, macho yako kwenye ukungu wa dirishani, hilo lina jina lake.

"Anasemaje?" nilimuuliza siku moja.

"Hasemi kitu. Riga kunaanguka theluji."

"Kakwambia?"

"Naisikia."

Nilicheka mpaka kahawa ikanipalia. Virve hakunijali. Aliniambia kwamba akifumba macho huiona misokoto mikubwa ya karatasi ikishuka melini, ikibingiria yenyewe katikati ya misonobari, ikijikunjua taratibu hadi njia yote ya kwenda Riga inakuwa nyeupe, naye anatembea juu yake peku wala hasikii baridi. Alimpenda mtu ambaye hajapata kumwona. Hata kipofu angelijua hilo.

Mwezi Machi mkuu wetu akataka jambo liishe. Chanzo kikijulikana, kompyuta zitalinganisha zenyewe, na hakutakuwa tena na sababu ya kupigiana simu. Virve akaenda bandarini. Alirudi viatu vimelowa, akaketi bila kuvua koti.

"Kadibodi ya Riga inalala kwetu," akasema. "Inashuka hapa, inapumzika ghalani, halafu malori yanaichukua. Karani wa ghala anaandika imeingia Estonia. Ikifika Riga, wao wanaandika imetoka Finland. Ni ile ile, shoga yangu. Tunaihesabu sote."

"Si unyamaze tu? Nani mwingine atakwenda kule na baridi hii?"

"Uongo siandiki."

Alikula mkate wake mweusi na samaki wa kopo, akaandika taarifa, akaipeleka kwa mkuu. Ndipo akapiga simu. Nilimwonea huruma, nikaiweka penseli chini.

Alimweleza Ilmars yote, ghala, malori na karani. Chumba chetu ni kidogo na simu ile ina sauti, kwa hiyo nilisikia.

"Najua, Bi Virve. Nimejua tangu mwaka juzi. Ghala hilo nililiona kwa macho yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungenipigia kuniuliza nini?"

Virve akaushika ukingo wa meza. "Taarifa nimeshaipeleka, Ilmars." Hakumwita Bwana.

"Nilijua siku moja utaipeleka."

Kisha uso wa Virve ukabadilika.

"Uliliona kwa macho yako? Ulikuja Tallinn?"

"Nilikuja. Nilisimama ng'ambo ya barabara mpaka ulipotoka ofisini, nikakutambua kwa sauti ulipomuaga mwenzako. Ulivaa kofia ya kijani. Nikaona haya, nikapanda basi nikarudi."

"Njoo tena," akasema Virve, machozi yakimtiririka. "Na safari hii piga hodi."